Chaja kuingia kwenye simu siyo kwamba inaendana nayo: jinsi ya kuchagua kichwa na waya sahihi

Chukua kichwa cha chaja unachotumia sasa hivi, kigeuze mpaka uone yale maandishi madogo ya kijivu, washa tochi kama hayasomeki au yapige picha alafu uikuze. Karibu kila kitu unachotaka kujua kuhusu chaja kimeandikwa pale na watu wengi hawajawahi kukisoma hata siku moja, tunaangalia tu kama pini inaingia, ikiingia tunasema hii inaendana, alafu tunabaki kushangaa kwanini simu iliyokuwa inajaa kwa saa moja na kitu sasa inakesha kwenye umeme, au iko kwenye chaji huku asilimia zinashuka, au kioo kinajibonyeza chenyewe.

Pini kuingia ni hatua ya kwanza tu. Ili simu ichaji vizuri vitu vitatu lazima vikubaliane, yani kichwa, waya na simu yenyewe, na umeme utakaofika kwenye betri unaamuliwa na kile kilicho dhaifu kuliko vyote kati ya hivyo vitatu. Ukinunua kichwa kikali ukakiunga na waya hafifu, utachaji kihafifu. (Nikisema kichwa nina maana ya lile boksi dogo la kuchomeka kwenye soketi ya ukutani, na pini ni ncha ya waya inayoingia kwenye simu.)

Soma kichwa kwanza

Kuna mistari miwili ya muhimu. Wa kwanza umeandikwa INPUT, huo ni umeme unaoingia kutoka ukutani. Vichwa vingi vya simu vya miaka hii vimeandikwa 100-240V~ 50/60Hz, maana yake kinafanya kazi kuanzia Japani kwenye volti 100, Marekani kwenye 120, mpaka zile nchi nyingi zinazotumia 220 hadi 240. Ukikuta kimeandikwa 120V peke yake au 100-120V usikichomeke kwenye umeme wa 230, utakiunguza. Na ile adapta ya safari inayobadilisha miguu ya plagi inabadilisha umbo tu, volti haizigusi kabisa, hili watu wanalichanganya sana.

Mstari wa pili ni OUTPUT na hapa ndo penye kazi. Utaona kitu kama 5V 2A, au mfululizo kama 5V 3A / 9V 2.22A, au hata zaidi 5V 3A / 9V 3A / 15V 3A / 20V 3.25A. V ni volti, A ni ampea, ukizizidisha unapata wati ambazo ndo nguvu halisi. Kwahiyo 5V mara 1A ni wati 5, vile vichwa vidogo vya zamani. 5V mara 2A ni wati 10. 9V mara 2A ni 18, 9V mara 2.22A ni kama 20, na 20V mara 3.25A ni 65. Fanya hiyo hesabu mwenyewe kila unaponunua, usikubali tu maandishi makubwa ya kwenye boksi, kwasababu boksi linaweza kusema wati 65 kumbe ni jumla ya matundu matatu na tundu unalolitaka wewe linatoa 20.

Ule mfululizo wa volti tofauti tofauti unamaanisha kichwa kinaweza kubadilisha volti. Hakibadilishi ovyo lakini. Kinaanza na 5 kwa kila simu, na kinapanda kwenda 9 au zaidi pale tu simu inapokiomba. Simu isipoomba, kinabaki 5.

Wati nyingi haziunguzi simu

Hofu hii ni kubwa na naielewa, mtu ana simu ndogo inayochaji kwa wati 10 anaogopa kuichomeka kwenye kichwa cha laptopu cha wati 65. Hamna shida, chomeka, mradi kiwe ni kichwa cha Type-C cha kisasa (lile tundu dogo ambalo pini inaingia kokote) na kiwe kizima. Ampea zilizoandikwa kwenye kichwa ni uwezo wake wa juu, siyo kiasi ambacho kinakulazimisha upokee. Simu ndo inayovuta, na inavuta kiasi chake. Kiukweli chaja yenyewe iko ndani ya simu, ni chipu inayosimamia betri, hiki tunachokiita chaja ni chanzo cha umeme tu. Betri za lithiamu zinajaa zikifika kwenye volti 4.2 au kidogo juu ya hapo, mpaka kama 4.4 kwa nyingine, kwahiyo hata ile 5 ya kichwa haiendi kwenye betri moja kwa moja, inashushwa na kusimamiwa na hiyo chipu. Chipu hiyohiyo ndo inapunguza kasi betri ikikaribia kujaa, ndo maana kutoka 20 mpaka 60 unaona inakimbia alafu kutoka 80 mpaka 100 inajikokota. Hapo chaja yako haina tatizo lolote.

Kinyume chake ndo kina usumbufu. Kichwa cha wati 5 kwenye simu kubwa ya kisasa kitachaji ndiyo, ila polepole mno, na ukiwa unacheza gemu au umewasha hotspoti matumizi yanaweza kuzidi kinachoingia, asilimia zinashuka huku alama ya chaji inawaka. Na kichwa dhaifu kinachofanya kazi kwenye ukomo wake muda wote kinapata joto sana, kama ni cha hali ya chini hapo ndo hatari inaanzia.

Cha kuwa mkali nacho ni volti, hasa kwenye chaja za zamani za pini ya duara na vifaa vingine vya nyumbani, vile ambavyo volti yake ni moja na haibadiliki. Kichwa cha laptopu ya zamani cha volti 19 hakijui kuuliza kitu, kinatoa 19 muda wote, kwahiyo usije ukakiunganisha na simu kwa kuunga nyaya au kwa pini za kubadilisha. Ni tofauti kabisa na kichwa cha laptopu cha Type-C.

Kichwa na simu lazima ziongee lugha moja

Hapa ndo kwenye kiini cha kila lalamiko la "nimenunua fasti chaji ila haichaji fasti". Ukichomeka, kichwa na simu vinaongea kupitia waya, kinasema mimi ninaweza hiki na hiki, simu inajibu nipe hiki. Shida ni kwamba lugha ziko nyingi. Visipoelewana haviungui, vinarudi tu kwenye kile vinachokijua vyote, volti 5, na unapata wati 15 au chini ya hapo hata kama kichwa kimeandikwa 100.

Lugha ya wote, ile unayotakiwa kuitafuta kwanza, inaitwa USB Power Delivery, kwenye maboksi wanaiandika PD. Inapita kwenye Type-C tu pande zote mbili za mazungumzo (kwenye iPhone za Lightning, yani zile za kabla ya iPhone 15 zenye pini ya Apple wenyewe, inakuwa Type-C upande wa kichwa na Lightning upande wa simu). Inatumia volti 5, 9, 15 na 20, kwa miaka mingi ukomo wake ulikuwa wati 100, na toleo la 3.1 la mwaka 2021 likaupeleka mpaka 240 kwa ajili ya laptopu kubwa. iPhone kuanzia iPhone 8 inatumia hii, ukiwa na kichwa cha PD cha wati 20 inaweza kufika asilimia 50 kwa kama nusu saa. iPhone hiyohiyo kwenye kichwa cha zamani cha wati 5 kilichokuwa kinakuja nazo, utasubiri sana.

Ndani ya PD kuna nyongeza inaitwa PPS. Badala ya kuruka kutoka volti 5 kwenda 9, PPS inaruhusu simu kuomba volti kwa hatua ndogondogo kadri betri inavyojaa, na hii inapunguza joto ndani ya simu. Kama una Samsung Galaxy inayochaji kwa wati 25 au 45, PPS ndo siri yake, ukinunua kichwa cha PD cha wati 65 kisicho na PPS itachaji ila haitaonyesha lile neno la "super fast". Watu wengi sana wanakwama hapa na wanaanza kusema kichwa ni feki kumbe ni kizuri tu, kimekosa PPS. Angalia kwenye maandishi madogo, kama ina PPS utaona mstari wenye masafa kama 3.3-11V, siyo namba moja moja tu.

Quick Charge ni ya Qualcomm, kampuni ya kutengeneza chipu za simu, imeenea kwenye simu nyingi za Android za katikati ya miaka ya 2010 na vichwa vingi vya tundu la kawaida lile pana (USB-A). Toleo la 2.0 linatoa 5, 9 na 12, la 3.0 linapanda na kushuka kwa hatua za 0.2, na kuanzia toleo la 4 likaanza kuelewana na PD.

Alafu kuna lugha za kampuni moja moja. OPPO walikuja na VOOC mwaka 2014, wazo lao lilikuwa kubakiza volti chini na kupandisha ampea, ili joto libaki kwenye kichwa na siyo kwenye simu. Baadae ikaja SuperVOOC, ile ya wati 65 ni 10V mara 6.5A, na familia ya OnePlus na realme zinatumia teknolojia zinazotokana na hiyohiyo. Huawei wana SuperCharge yao, Xiaomi wana yao kwa zile wati kubwakubwa. Kwa simu hizi ushauri wangu ni mmoja, tunza kichwa na waya uliokuja kwenye boksi kama unavyotunza simu yenyewe, vyote viwili, kwasababu waya nao ni sehemu ya teknolojia na ukiubadilisha na waya wa kawaida kasi inapotea hata kama kichwa ni kilekile. Kikipotea nunua cha kampuni hiyohiyo, na usilinganishe wati tu. Kichwa cha wati 80 cha kampuni moja kwenye simu ya wati 80 ya kampuni nyingine mara nyingi unapata 10 au 18, na hujaibiwa, ni lugha tu.

Habari nzuri ni kwamba hali inaelekea kunyooka. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria kwamba kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa kule ziwe na tundu la Type-C, na zile zinazochaji kwa zaidi ya wati 15 lazima zikubali PD hata kama zina lugha yao ya ziada. Laptopu zimewekewa tarehe 28 Aprili 2026. Kwa kuwa kampuni hazipendi kutengeneza simu tofauti kwa kila soko, iPhone nayo iliacha Lightning mwaka 2023 ilipotoka iPhone 15.

Waya, ambao watu wanaudharau

Kama simu imepunguza kasi ghafla, mshuku waya kabla ya kitu kingine chochote. Unapindwa kila siku, unalaliwa, unavutwa kwa kushika waya badala ya pini, nyuzi za ndani zinakatika mojamoja na kwa nje hauoni kitu.

Waya wa Type-C kwenda Type-C wa kawaida umetengenezwa kubeba ampea 3, na kwenye volti 20 hiyo ni wati 60. Ukitaka kuvuka hapo unahitaji waya wa ampea 5, na huo ndani ya pini una chipu ndogo inayojitambulisha kwa kichwa kwamba mimi nabeba 5. Chipu isipokuwepo kichwa kinakataa kutoa zaidi ya 3, na kinafanya vizuri kukataa. Ndo maana Samsung ya wati 45 inahitaji waya wa 5A ili ifike 45, ukitumia wa 3A itachaji chini ya hapo. Waya mzuri umeandikwa 60W, 100W au 240W kwenye pini au kwenye boksi. Usipoona hata namba moja, uhesabu kuwa ni wa kawaida.

Urefu nao una maneno yake. Waya wa mita 2 au 3 wenye nyuzi nyembamba unapoteza volti njiani, simu ikiona volti zinashuka inapunguza kuvuta. Kama unataka mrefu, nunua mnene. Na kuna nyaya za kuchajia tu ambazo ndani hazina nyuzi za kupitisha data, hizo ukiunga na kompyuta picha hazihami, na Quick Charge nayo haitafanya kazi kwasababu inaongea kupitia nyuzi hizohizo za data.

Nyaya za tundu pana kwenda Type-C zina hatari yake ambayo inabidi niiseme vizuri. Ndani yake kunatakiwa kuwe na rezista (kipande kidogo cha kuzuia umeme) ya kiloomu 56 inayoiambia simu "usivute sana, huku nyuma ni tundu la zamani". Baadhi ya watengenezaji wa bei rahisi waliweka rezista isiyo sahihi, simu ikadhani iko kwenye kichwa cha ampea 3 na ikavuta 3 kutoka kwenye tundu ambalo haliwezi, na kinachoumia hapo ni tundu la kompyuta au kichwa. Benson Leung, injinia wa Google, alianza kuzipima nyaya hizi moja moja mwaka 2015 na kuandika matokeo hadharani, na mwaka 2016 waya mmoja uliounganishwa vibaya ndani ukamuharibia laptopu aliyokuwa anapimia. Baada ya hapo wauzaji wakubwa wakaanza kuzikataa nyaya za namna hiyo, ila zile za mtaani zisizo na jina hamna anayezipima. Mimi kwenye waya sibani matumizi hata kidogo, afadhali nikae na mmoja wa kampuni inayojulikana kuliko mitano ya rangirangi.

Kuna jambo jingine la ajabu linalowachanganya watu. Una kifaa kidogo kina tundu la Type-C, labda tochi, spika, wembe wa umeme au simu ya batani, kwenye kichwa kipya cha Type-C kwa waya wa C kwenda C hakichaji kabisa, kimekufa, ila ukirudi kwenye kichwa cha tundu pana kinachaji. Hakijaharibika. Kichwa cha Type-C kwa kawaida hakitoi umeme mpaka kione kuna kifaa upande wa pili, na kinakijua kwa rezista mbili za kiloomu 5.1 zinazotakiwa kuwa ndani ya kifaa. Mtengenezaji akiziacha ili kubana gharama, kichwa hakioni kitu. Dawa yake ni waya wa tundu pana kwenda C, basi, tunza nyaya mbili tatu za hivyo kwa ajili hiyo.

Waya wa Lightning nao una chipu ya kujitambulisha, zile zilizoidhinishwa na Apple zina maandishi ya MFi kwenye boksi, na zisizoidhinishwa ndo zile zinazoleta ujumbe kwamba kifaa hiki hakitambuliki au zinachaji leo kesho zinagoma.

Maumbo ya pini kwa haraka

Nokia za zamani zilikuwa na pini ya duara, nene ya milimita 3.5 na baadae nyembamba ya milimita 2. Micro USB ni ile bapa yenye upande mmoja mpana na mwingine mwembamba, inaingia kwa upande mmoja tu, ukilazimisha unavunja ulimi wa ndani ya tundu. Type-C ilikuja mwaka 2014, ina miguu 24 na inaingia kokote. Vile vidude vya kugeuza Micro kuwa C vinafaa kwa dharura, kasi usiitegemee.

Sehemu nyingine unazochajia

Tundu la kompyuta la USB 2.0 linatoa ampea 0.5 kwa kiwango cha kawaida, yani wati 2.5, na la USB 3.0 ni 0.9, wati 4.5. Kwahiyo simu kukaa kwenye kompyuta mchana kutwa bila kujaa siyo ugonjwa. Kwenye gari angalia kama kichwa kimeandikwa 12-24V, gari ndogo nyingi ni volti 12 na malori mengi ni 24, kile cha 12 pekee usikiweke kwenye lori.

Kichwa chenye matundu mengi kinagawa nguvu. Ukiwa na kimoja cha wati 65, simu moja inaweza kupata yote, ukichomeka ya pili kinazima sekunde moja kinajipanga upya, na ghafla ya kwanza inapata 45 na ya pili 20, au hata chini ya hapo. Mgawanyo huo umeandikwa kwenye boksi au kwenye kichwa, na ni vizuri kuusoma kabla ya kununua kuliko baada. Pawabenki nayo ni hivyohivyo, ina OUTPUT yake na ina lugha zake, ya wati 10 haitachaji fasti simu yoyote hata kama ni kubwa ya mAh 20,000. Hizo mAh ni ukubwa wa akiba, kasi ni jambo jingine.

Chaji isiyo na waya inatumia kiwango kinachoitwa Qi, na Qi2 iliyokuja 2023 ina sumaku za kuishika simu mahali pake na ilianza na wati 15. Kisahani chenyewe unachowekea simu kinahitaji kichwa chenye nguvu nyuma yake kwasababu umeme mwingi unapotea njiani kama joto, ukikiweka kwenye kichwa cha wati 5 kitapepesa taa tu. Toa kava nene, toa kadi ya benki na kitu chochote cha chuma kilichokaa katikati.

Jinsi ya kujua tatizo liko wapi

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Hili ndo la msingi, mtu anabadilisha kichwa na waya kwa pamoja ikipona hajui kilichokuwa kibovu ni kipi na anaishia kutupa kizima. Anza na waya, kichwa kibaki kilekile. Alafu kichwa. Alafu soketi ya ukutani. Ikigoma kote jaribu vitu vyako kwenye simu nyingine.

Wakati huo fungua mipangilio ya betri uangalie kama fasti chaji imewashwa, kwenye baadhi ya simu kuna swichi ya kuizima na watu wanaizima bila kujua. Washa chaji betri ikiwa chini, kati ya 15 na 40, kioo kikiwa kimezimwa, soma asilimia baada ya dakika kumi na tano. Kupima kwenye 85 hakukuambii kitu kwasababu pale simu yenyewe imepunguza kasi. Ukitaka uhakika zaidi kuna kidude kidogo cha kupimia kinachokaa kati ya kichwa na waya, kinaonyesha volti na ampea papo hapo: ukiona 9V lugha imekubalika, ukiona imeganda kwenye 5V haijakubalika. Kwenye zile teknolojia za kampuni moja moja kidude kinaweza chenyewe kuvuruga mazungumzo, kwahiyo hapo usikiamini sana.

Pini inacheza au inachomoka kirahisi? Kabla ya kwenda kwa fundi kubadilisha tundu, zima simu, chukua kijiti cha meno cha mbao, kwangua taratibu chini kabisa ya tundu. Nyuzi za nguo na vumbi la mfukoni vinashindiliwa mule kila unapochomeka mpaka vinakuwa gamba gumu na pini haifiki mwisho. Usitumie sindano wala kitu chochote cha chuma. Kama tundu limeingia maji usichomeke, gonga simu taratibu tundu likiangalia chini, iache sehemu yenye hewa, usiipulize kwa mashine ya moto ya kukaushia nywele.

Joto nalo ni sababu. Simu ikipata joto inapunguza chaji yenyewe au inasimama kabisa, hasa ikiwa juani, kwenye dashibodi au chini ya mto. Kuchaji chini ya mto acheni kabisa jamani, betri ya lithiamu na joto lisilo na pa kutokea siyo vitu vya kujaribu, na mtoto akilala na simu iko kwenye chaji kitandani itoe.

Kichwa cha kuachana nacho

Kichwa cheusi au cheupe kisicho na mstari wa OUTPUT, hapana. Kilichoandikwa hesabu zisizoingia akilini, mfano boksi linasema wati 33 alafu mstari unasema 5V 2A, hapana, mstari ndo wa kuamini kuliko boksi. Kilicho chepesi mno kuliko cha ukubwa uleule, mara nyingi ndani yake wameacha vipande vya kuchuja na kulinda umeme. Maandishi yenye makosa ya tahajia, kiungio cha plastiki kilichoachia, miguu ya plagi inayotikisika, harufu ya kuungua, mlio wa kuvuma unaosikika kwa mbali, vyote hivyo ni sababu tosha ya kukitupa.

Kioo kinachojibonyeza chenyewe au kukataa kidole wakati wa kuchaji, alafu kinakuwa sawa ukichomoa, kwa kawaida ni kelele za umeme kutoka kwenye kichwa kibovu. Badilisha kichwa kabla hujalipia kioo kipya. Kuhusu kupigwa na umeme, mwasho mdogo sana ukigusa fremu ya chuma unaweza kutokea hata kwa kichwa kizima cha miguu miwili, ila ukirushwa, ukahisi umeme kabisa, chomoa ukutani na usikirudie tena. Ile alama ya mraba ndani ya mraba inamaanisha kichwa kina tabaka mbili za kinga kati ya umeme wa ukutani na mkono wako, ni alama nzuri kuiona, ila anayechapa feki anaichapa pia, kwahiyo isiwe ushahidi wako pekee.

Ukitaka kununua kimoja cha nyumba nzima

Kwakuwa simu nyingi siku hizi zinakuja bila kichwa, Apple walianza na iPhone 12 mwaka 2020 na Samsung wakafuata na Galaxy S21, wengi tunajikuta tunanunua wenyewe. Mimi ningenunua kichwa cha wati 45 au 65 cha Type-C chenye PD na PPS vyote viwili, cha GaN (teknolojia mpya ya ndani ya kichwa, utaona imeandikwa hivyo kwenye boksi) kama bajeti inaruhusu kwasababu ni kidogo na hakipotezi umeme mwingi kama joto, pamoja na waya wa C kwenda C wa ampea 5 usiozidi mita moja na nusu. Hicho kitachaji iPhone mpya, Samsung, Pixel ya Google, tableti na laptopu nyingi ndogo za Type-C. Mwenye iPhone ya Lightning aongeze waya wa C kwenda Lightning. Mwenye OPPO, realme, OnePlus, Xiaomi au Huawei atachaji nacho pia lakini kwa kasi ya kawaida au ya kati, kwahiyo kile chake cha boksini akiweke karibu na kitanda na hiki kiwe cha sebuleni.

Alafu chukua kalamu ya wino usiofutika uandike kwenye kila kichwa wati zake na PD au PPS kama ipo, na kwenye kila waya ubandike kipande cha tepu chenye 3A au 5A, ili anayekuja kuazima usiku asilazimike kutafuta tochi.